Nani Kaacha Mlango Wazi?

“Nani kaacha mlango wazi?”

Baba aliuliza hivyo akiwa kwenye kochi lake, mguu mmoja una ndala, mwingine mtupu, macho kayakaza kwenye televisheni. Kwenye kioo, ukuta wa barafu mrefu kuliko jengo lolote la mji wetu ulikuwa umetoa mlio wa radi, ukapasuka, ukainama taratibu, kisha ukaporomokea baharini. Mtangazaji alikuwa anaeleza, kwa ile sauti yao nzito ya kutangaza misiba, kwamba dunia inazidi kupata joto na barafu iliyodumu tangu enzi za mababu wa mababu sasa inayeyuka. Kaka yangu, aliyekuwa anakunja nguo za baba na kuzipanga kwenye begi, akabaki na shati mkononi. Mimi nikacheka. Jamani, ningefanyaje? Ilikuwa imepita miezi baba hajauliza swali lolote kuhusu kitu kilicho mbele yake.

Makala yenyewe wameirudia wiki iliyopita. Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia mapazia ya mteja, nikasikia mlio ule ule wa radi, mguu ukaganda juu ya pedeli. Sikuhitaji kuinua macho. Kabla ukuta haujafika majini, simu ikaita, na alikuwa kaka.

“Tone, unaangalia?”

“Naangalia.”

Tulikaa hivyo, kila mtu na televisheni yake, kila mtu anamsikia mwenzake anavyopumua, mpaka makala ikaisha. Baba hayupo tena. Lakini swali lake lipo, na kila jua likizidi ukali najikuta naliuliza mwenyewe, kwa sauti, peke yangu ndani ya nyumba. Majirani wakinisikia, shauri yao.

Baba alikuwa mtu wa barafu. Tangu ujana wake mpaka kiwanda kilipofungwa, kazi yake ilikuwa kugandisha maji. Kiwanda chenyewe kilikuwa banda refu la mabati, wala si kitu cha kutisha: masanduku ya chuma yaliyojaa maji safi, yamezamishwa ndani ya birika kubwa la maji ya chumvi yenye baridi kali. Maji yakishaganda, sanduku lilinyanyuliwa kwa mnyororo, likachovywa kwenye maji ya kawaida ili bonge la barafu liachie, na bonge likateleza juu ya mbao mpaka chumba cha baridi. Huko lilifunikwa kwa unga wa mbao na magunia, likisubiri wauza samaki, wenye mahoteli na wenye arusi zao. Kaka alipokuwa mdogo alikuwa halali mpaka baba arudi na kipande cha kunyonya, ndipo akapewa jina la Kipande. Mimi niliitwa Tone kwa sababu machozi yangu yalikuwa karibu. Bado yako karibu.

Siku moja nilimuuliza baba kwa nini barafu inafunikwa magunia, kwani yenyewe inasikia baridi? Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba hakucheka.

“Gunia halijui baridi wala joto,” akaniambia. “Kazi yake ni moja tu, kushika kilichomo kisiondoke.”

Na kulikuwa na mlango. Mlango wa chumba cha baridi ulikuwa mnene kuliko godoro, na ukiachwa wazi kidogo tu, kazi ya siku nzima inageuka dimbwi. Kwa hiyo neno lililosikika zaidi kiwandani lilikuwa hilo: “Mlango!” Baba alirudi nalo nyumbani. Sisi tulijifunza kufunga mlango kabla ya kujifunza kuamkia wakubwa. Mgeni akiingia akajisahau, tulibaki tumetoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango, tukisubiri radi kutoka kwenye kochi la baba. Radi ilikuwa haichelewi.

Nyuma ya banda, mashine zilitema hewa ya moto mchana kutwa. Baba alipenda kutueleza kuwa hakuna mtu duniani anayetengeneza baridi. “Tunalitoa joto humu, tunalitupa kule. Halipotei. Linahama tu.” Na huko alikokuwa akilitupa ndiko alikompata mama. Mama alikuwa dobi. Msimu wa mvua, nguo za watu zikigoma kukauka, alifunga kamba nyuma ya kiwanda akaanika mashuka mbele ya pumzi ya mashine. Baba akatoka mbio kumfukuza, eti anaziba mashine isipumue. Mama akamtazama bila haraka, vibanio vimejaa mdomoni, akavitoa kimoja kimoja.

“Wewe unatupa joto, mimi naokota. Ugomvi wetu uko wapi?”

Baba akaona heri aoe.

Majokofu yalipoenea kila nyumba, kiwanda kikafungwa. Hilo halikumwangusha, alianza kutengeneza mafriji ya majirani, maana kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kilichomwangusha ni kifo cha mama. Kusahau kulimwingia kama bonge linavyoyeyuka: mwanzoni huoni limepungua, unaona tu sakafu imelowa. Akasahau miwani, akasahau njia ya dukani, akawasahau majirani, kisha akanisahau mimi. Akawa ananiita binti. “Ahsante sana, binti,” nikimletea chai, kwa adabu kubwa, kama abiria anayemshukuru mtu asiyemjua kwa kumpisha kiti. Nilikuwa nageuka haraka nirudi jikoni.

Mlango hakuusahau. Weee! Na msimu wa joto nao ulikuwa unarefuka mwaka hadi mwaka. Mimi nashona mapazia, najua. Zamani wateja walitaka vitambaa vyepesi, vya kupepea dirishani na kuringia wapita njia; siku hizi wanataka kizito, cheusi, jua lisipenye hata tundu la sindano. Katika joto hilo, baba alizunguka nyumba nzima akifunga milango na madirisha. Nikifungua, anafunga. Na mchana, nikijilaza kidogo kwenye mkeka kando ya cherehani, nilikuwa naamka nimelowa jasho, nimefunikwa blanketi zito mpaka kidevuni, na baba amesimama juu yangu anakagua kingo zake moja moja.

Ndiyo sababu nilimpigia kaka. “Nitachemka humu ndani kama kiazi,” nilimwambia, nikajidai nacheka. Lakini nilikuwa nimechoka, na uchovu haufichiki kwa mtu mliyenyonya ziwa moja. Akasema anakuja.

Kaka ni daktari wa meno, na anaishi mji mwingine, kwenye nyumba kubwa yenye kiyoyozi kila chumba. Kuja kwake kulikuwa kwa nadra, na mimi nilikuwa namnung’unikia kimoyomoyo, mpaka siku nilipoona sababu kwa macho yangu. Baba alipoanza kupotea, tulimwambia, “Huyu ni mwanao, yule daktari wa meno.” Akashika nusu ya pili tu. Tangu hapo kaka akiingia, baba aliinuka kwa heshima zote, akasema, “Shikamoo, daktari,” kisha akaketi na kupanua mdomo. Shikamoo, kutoka kwa baba yake mzazi! Mara ya kwanza tulicheka wote. Mara ya pili kaka alimkagua meno, moja baada ya jingine, kwa upole, akamwambia yote ni mazima, halafu akatoka kwenda kukaa ndani ya gari lake. Nilimwona kupitia pazia. Alikuwa ameinamia usukani.

Sasa alikuwa amekuja kumchukua. Alinivutia jikoni, akasema kwa sauti ya chini.

“Zamu yangu, Tone. Wewe umefanya yako. Kwangu kuna nafasi, na jirani yangu ni muuguzi.”

“Unadhani huu uzito utaisha? Utahama tu.”

“Basi uhamie kwangu.”

Alikuwa na haki, baba si wangu peke yangu. Na nasema kweli, sehemu fulani ya mwili wangu, mgongo labda, ilifurahi. Lakini kulikuwa na kitu nilichokijua na sikuweza kukitamka. Kule hakuna kochi lake. Hakuna kamba za mama uani. Siku akipiga kelele “Mlango!” hakuna atakayejua anaongea nini, watampa dawa atulie. Kidogo kilichobaki cha baba kilikuwa kimeshikwa na nyumba hii, na nilihofu kwamba tukimtoa, kitakwisha njiani kabla hawajafika.

Ili baba atulie wakati nguo zake zinapangwa, kaka aliwasha televisheni. Hakuchagua kitu. Ikatokea barafu.

“Nimeuliza, nani kaacha mlango wazi?” baba akarudia, safari hii kwa ukali.

“Mlango umefungwa, mzee,” kaka akamjibu kwa upole. Alimwita mzee. Neno baba alikuwa ameshaacha kulijaribu.

Kwenye kioo barafu nyingine ikamomonyoka. Mtangazaji akaendelea na yake: moshi wa viwanda, moshi wa magari, misitu iliyokatwa, bahari zinazopanda, watu watakaohama makwao. Nilikuwa nimeyasikia hayo yote redioni mara nyingi, na kuyapokea kama mtu anavyopokea habari za msiba wa mbali; unasikitika, unasema masikini, kisha unaomba upitishiwe chumvi. Lakini baba alikuwa ameinuka. Usoni mwake niliona kitu ambacho sikuwa nimekiona tangu mama atutoke. Alikuwa na uchungu wa kazi. Alikuwa anaona kazi ya mtu inaharibika na hakuna anayekimbia.

Akaenda chumbani. Tukasikia kabati linafunguliwa, tukatazamana. Akarudi amekumbatia mablanketi yote ya nyumba hii, hata haoni anakokwenda, akalitupa la kwanza juu ya televisheni. Picha ikapotea, sauti ikabaki inanong’ona chini yake. La pili lilikuwa kubwa, likamshinda. Alilivuta, likagoma, akalivuta tena. Akageuka nyuma.

“Kipande!” akafoka. “Shika pembe hiyo! Umesimama umeganda, huoni inakwisha?”

Shati likamdondoka kaka. Nilimwona akifungua mdomo na kuufunga, kama mtu aliyemwagiwa maji ya baridi. Halafu miguu ikamkumbuka.

“Naam, baba.”

Akashika pembe. Wakalitandaza pamoja, baba akielekeza, kaka akifuata: vuta huku, chomeka hapo, usiache upenyo, wewe mtoto umezidi kuchezacheza. Mtu mzima yule, mwenye mvi na heshima zake, mtu ambaye watu wanapanga foleni kumwona, alikuwa anaitikia “naam, baba, naam, baba,” huku machozi yanamchuruzika mpaka kwenye kola. Hakuyafuta. Mikono yake ilikuwa na kazi.

Sitaficha, wivu ulinichoma. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha, namlisha, namtafutia ndala ya pili kila asubuhi, na jina lililokuwa limebaki kichwani mwake lilikuwa la yule anayekuja kwa nadra. Nilifurahi kwa ajili ya kaka na nikaumia kwa ajili yangu, yote kwa pamoja. Nikabaki pale kwenye mlango wa jikoni na sufuria mkononi, sijui niiweke wapi.

Walipomaliza, baba akalipigapiga blanketi kwa kiganja, akaketi, akajifuta jasho.

“Itafika jioni bila kuyeyuka,” akasema, ameridhika.

Tukakaa wote watatu kwenye joto lile, madirisha yamefungwa, tunamsikiliza mtangazaji akitueleza mwisho wa dunia kutoka chini ya mablanketi. Hakuna aliyethubutu kuizima televisheni. Kaka alikuwa amekaa sakafuni, bega lake limegusa goti la baba, na baba hakulisogeza.

“Hilo blanketi ulilosema anakufunika,” kaka akaniuliza polepole, “ni kila siku?”

“Kila mchana. Nikisinzia tu.”

Akaigeukia televisheni iliyofunikwa.

“Tone. Hujaelewa tu?”

Nikaitazama televisheni, jinsi kingo zilivyochomekwa, jinsi kila upenyo ulivyozibwa. Gunia halijui baridi wala joto. Nikaelewa. Jina langu lilikuwa limempotea, sura yangu ilikuwa imempotea, lakini mchana baada ya mchana, akinikuta nimelala, mzee yule alikuwa hataki niyeyuke. Na mimi nilikuwa nayarusha pembeni yale mablanketi na kupiga simu kulalamika. Baba hakuniita Tone tena mpaka mwisho wake, na sikumdai. Sufuria niliiweka chini, pale pale sakafuni, nikaenda kuketi upande wa pili wa goti lake. Machozi yangu, nimeshasema, yako karibu.

Makala ikaisha, ukaja muziki, kisha matangazo ya sabuni. Kaka akainuka. Akaliokota lile shati, akalikunja, akaliweka kwenye begi pamoja na mengine, akafunga zipu. Kisha akalitia begi begani na kutoka nje, hakumtazama yeyote. Moyo ukanipasuka paa! Nilizisikia nyayo zake zinavuka uani, zinaelekea lilipo gari. Nje jua lilikuwa bado kali, na joto likaanza kuingia kwa mlango aliouacha wazi.

Baba hakugeuza hata shingo.

“Kipande,” akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya baba aliyechoka na mtoto msahaulifu. “Mlango.”

Haikuwa sauti kubwa, lakini nyayo zilisimama. Zilisimama muda wa kutosha mimi kumwomba Mungu mambo mengi, yanayopingana. Kisha zikarudi. Kaka akatokea kizingitini na begi begani, akaingia, akaliweka begi chini, akaufunga mlango. Aliufunga kwa ndani.

Habari ya safari haikuzungumzwa tena siku ile. Asubuhi, nilipoamka kuchemsha chai, nilimkuta kaka amelala kwenye kochi la baba, miguu inaning’inia, jasho linamtiririka, amefunikwa mablanketi mawili mpaka kidevuni na kingo zimechomekwa barabara. Alikuwa macho. Nikanyoosha mkono nimpunguzie moja.

“Liache,” akasema.